Wimbo Uliosafishwa Mno

Inatangazwa kwa umma wote, kwa wenye masikio mazima na kwa wale walioyaacha mbele ya spika ujanani, kwamba Fundi, mrekebishaji wa redio, amplifaya, pasi na kila chombo chenye waya na kiburi, ameteuliwa bila kupingwa na bila kuulizwa kuwa Mhifadhi Mkuu wa Urithi wa Sauti wa Marehemu Chandarua. Cheo hakina mshahara, ofisi wala kiti. Mteuliwa alipopelekewa habari hizo alikuwa amelala chali nyuma ya mashine ya kufulia ya jirani, na hotuba yake ya kukubali ilikuwa fupi: "Nisogezee hiyo tochi."

Waliomteua ni Kamati ya Kumbukumbu, watu saba, sita kati yao madijei na wa saba shemeji wa dijei. Mwenyekiti wake huvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, hata umeme ukikatika. Kamati iliundwa siku mbili baada ya mazishi, kwa kasi ambayo haikuonekana marehemu alipokuwa hai akitafuta mtu mmoja tu wa kumsindikiza kliniki. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mgonjwa hana mwenzake, marehemu hakosi ndugu. Na miongoni mwa waliolia kwa sauti kubwa kaburini walikuwamo wawili ambao Fundi aliwajua vizuri, kwa sababu ndio waliokuwa wakimpitishia Chandarua vipakiti vya dawa za kulevya vyooni. Fundi alitupa udongo wake akaondoka. Na yeye alikuwa na lake moyoni, na mwenye lake moyoni hanyooshi kidole.

Fundi na Chandarua walijuana miaka kumi na tisa. Jina la Chandarua lilitoka kitandani, si kwa sababu unayoidhania. Kijana huyo alikosa studio, akatundika chandarua, akakifunika mablanketi manne ili kelele za mtaa zisiingie, akajikunyata humo ndani na kinanda cha umeme kilichong'oka vitufe vitatu na kompyuta iliyopumua kama mzee anayepanda ngazi. Saa mbili baadaye alichomoza kichwa, jasho likimtiririka.

"Nimepata besi!"

"Umepata homa," Fundi alimjibu. "Toka humo unywe maji."

Huo ukawa ndio mgawo wa kazi kwa miaka yote iliyofuata: mmoja kutafuta sauti, mwingine kumwambia anywe maji. Muziki wao ulikuwa wa mashine mtupu, hauna mwimbaji wala gitaa, una mdundo tu unaokimbia kama moyo wa mtu aliyechelewa mtihani. Fundi hakuupenda hata siku moja. Alichopenda ni usafi. Sauti ikitoka kwenye spika zake ilitoka imeoga. Mngurumo wa waya mbovu, mkwaruzo, redio ya watu wengine inayojipenyeza ndani ya nyaya zako kama mgeni asiyealikwa, vyote hivyo kwake vilikuwa sawa na doa la mafuta kwenye shati jeupe. Chandarua yeye aliviokota. Alirekodi milango, mabomba, mashine ya kukatia majani. Wakagombana kila wiki na hawakuachana hata wiki moja.

Kisha ukaja unga. Hauji na ngoma, unga. Huja na rafiki, tena bure, mara ya kwanza. Baada ya mwaka Chandarua akauza kinanda chake. Baada ya mwaka na nusu akauza kinanda cha Fundi, akaja kuomba msamaha akiwa amevaa shati la Fundi. Watu wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Fundi akabadilisha kufuli ya karakana, akaliita jambo hilo busara, na usiku hakulala vizuri kwa sababu ya busara hiyo.

Miezi minane ya mwisho Chandarua alirudi kwa mama yake, akakaa huko, akaacha. Aliacha kweli. Siku moja alikuja karakana, amenawiri kidogo, amebeba kompyuta kwapani. "Kaka, nina wimbo. Usikilize sasa hivi, dakika sita tu." Fundi alikuwa na amplifaya ya watu mezani, na droo yenye vifaa vya bei kubwa ikiwa wazi. Macho yake yakaenda kwenye droo kabla hayajaenda kwa rafiki yake. Chandarua akaliona hilo. "Kesho," Fundi alisema. "Kesho ni sawa," Chandarua akasema. Kesho hiyo hakuja; Jumamosi ya wiki ile alikwenda kuwasalimia wenzake wa zamani, wakampa kipimo chake cha zamani, na mwili wake ulikuwa umeshakisahau. Tangazo la kifo lilisema "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Mama yake alilisoma, akachukua kalamu, akakata, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: UNGA.

Baada ya mazishi Fundi hakujua la kusema, na mtu asiyejua la kusema hufanya analojua. Jikoni kwa mama mlikuwa na friji kuukuu lililonguruma miaka kumi. Akafungua mfuko wake, akabadilisha vipande vya mpira ambavyo mota yake hulalia, akakaza skrubu za feni, akafuta vumbi.

"Limepona, Mama. Sikiliza."

Mama akasikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza. "Ahsante, mwanangu," alisema, na akaendelea kulitazama. Fundi alidhani analistaajabia.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Kamati ilitaka kuutoa wimbo wa mwisho mbele ya watu, Jumapili mchana, na kompyuta ya marehemu ilikuwa haijaguswa. Mama ndiye aliyeipeleka karakana mwenyewe, ameizungushia taulo.

"Mimi hiyo ngoma yenu ya mashine ya kusaga siijui, na sitaki kuijua," alisema. "Lakini huu wa mwisho nataka niusikie. Aliniambia na mimi nimo humo. Mara moja tu, mwanangu. Nimsikie."

"Utamsikia, Mama," Fundi alisema, na hakuna neno aliloliweka moyoni zaidi ya hilo.

Faili liliitwa "jikoni". Fundi alivaa spika za masikioni, akakunja uso. Mngurumo! Ulianza sekunde ya kwanza ukaenda hadi mwisho, mzito kama uji ulioganda. Chini yake kidogo kulikuwa na mgongano wa kijiko wenye mdundo mwepesi, na kwa mbali sauti fulani ya kunong'ona, ambayo Fundi aliitambua mara moja kuwa ni redio ya jirani iliyoingia kwenye waya. "Maskini," alisema, "alikuwa hana hata waya mzuri." Machozi yakamlengalenga. Angalau kwa hili angemfaa.

Akafanya kazi siku tatu. Aliuondoa mngurumo uzi baada ya uzi, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, kisha akaiondoa ile redio ya jirani, kisha akayaondoa masalia. Alipomaliza akalihifadhi faili safi palepale pa lile chafu, kwa kuwa karakana yake ilikuwa na sheria moja: humrudishii mteja redio mbili, moja nzima na moja mbovu.

Wakakusanyika sebuleni kwa mama: Kamati kwenye makochi, mama kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani. Fundi akabonyeza.

Kijiko kikagonga mara nne. Kukawa kimya. Kimya kikaendelea. Mtu akakohoa. Katika dakika ya tatu kikasikika kitu kama mlango wa kabati, kisha kimya tena, kijiko mara mbili, na basi.

Mwenyekiti akavua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuyaona macho yake, na yalikuwa madogo kuliko ilivyotarajiwa.

"Jamani," alinong'ona. "Ukimya. Ametupa ukimya."

"Alikuwa mbele ya wakati," alisema shemeji wa dijei.

"Ile dakika ya pili ilinipasua," alisema mwingine, ambaye dakika ya pili alikuwa akitazama simu.

Mama akangoja wamalize. "Na friji langu liko wapi?"

Wanakamati wakatikisa vichwa kwa heshima, bila kujua kama hilo ni swali au ni falsafa.

"Friji langu," alisema tena, akimgeukia Fundi. "Na mimi mwenyewe niko wapi?"

Mama akainuka kwenda jikoni. Fundi akamfuata, akaufunga mlango nyuma yao. Mama akamwonyesha sakafu, pale mbele ya friji.

"Alikaa hapa. Miezi ile ya mwanzo, alipokuwa akitetemeka, hakuweza kukaa pengine. Anaegemeza mgongo kwenye friji. Ananiambia, 'Mama, likinguruma hivi sijui ni lenyewe linatetemeka au ni mimi. Naona afadhali.' Nami nachambua maharage yangu hapa, napiga soga. Nikinyamaza ananiambia usinyamaze. Siku alipoacha kutetemeka ndipo alipoleta kile kimashine cha kurekodia."

Fundi aliketi kwenye ukingo wa meza. "Mama, nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Friji. Na wewe. Nilidhani ni uchafu. Wewe nilidhani ni redio ya jirani."

"Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna. Mimi siweki mbovu."

 Mama akaligusa friji, lililosimama pale bila sauti, lenye adabu zake mpya.

"Na hili nalo ulilitengeneza."

"Nililitengeneza."

"Basi wewe ukimpenda mtu humfuti mara moja, unamfuta mara mbili." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayesoma mita ya maji. Hilo lilimchoma Fundi zaidi ya kofi.

Kesho yake asubuhi alirudi na kopo. Mafundi hawatupi kitu, na humo ndani, kati ya skrubu yatima na fyuzi zilizoungua, vilikuwamo vile vipande vya mpira vya zamani, vikavu kama biskuti. Akalivuta friji kutoka ukutani, akaondoa vipya, akarudisha vikuukuu, akalegeza alichokikaza. Tangu aanze ufundi alikuwa hajawahi kupata kazi ngumu kama hiyo. Kutengeneza kuna kitabu chake. Kuharibu kwa usahihi hakuna. Akaliwasha.

"Hapana," mama alisema. "Hilo linakohoa. Lilikuwa linaguna."

"Linaguna vipi, Mama?"

"Kama mtu aliyeambiwa akafue."

Akalegeza skrubu nusu mzunguko.

"Hapo sasa linakoroma. Mwanangu, wewe si ndiye unayejisifu una masikio?"

"Masikio ninayo. Sijazoea kuyatumia kwa ubaya."

Ilipofika adhuhuri friji lilishtuka, likajitikisa, likaanza kuguna kwa uchungu wa mtu aliyeonewa maisha yake yote. Mama akaacha alichokuwa akikifanya. "Ndilo," alisema. Akavuta sinia la maharage, akaketi, akaanza kuchambua, na bila kuombwa akaanza kusimulia: nani kahama, nani kakatiwa maji, binti wa nani kamkataa bwana mwenye gari kwa sababu anakula mdomo wazi.

Fundi akawasha kile kimashine, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo. Mtetemo ukamwingia mabegani, ukashuka hadi mikononi. Aliitazama mikono yake ikitetemeka na hakujua ni ya nani. Kwa mara ya kwanza tangu amjue Chandarua alikaa dakika sita akisikiliza kelele bila kutaka kuiondoa.

"Alikuja kwangu na wimbo huo, Mama," alisema soga lilipopungua. "Nikamwambia kesho."

Mama akatupa ganda. "Mimi siku ile alipokuwa anatoka nilimwambia avae sweta. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Hakuvaa." Akachambua kidogo. "Kila mtu ana lake. Usinyamaze, basi, sema kitu, mashine inakula."

Wakaweka mngurumo chini ya vijiko vilivyosalia, na sauti ya mama chini ya mngurumo, kwa mbali, mahali pale pale ambapo jirani alisingiziwa redio. Wakausikiliza mezani, spika za masikioni wamegawana, moja moja.

"Siyo yeye," mama alisema.

"Siyo yeye, Mama."

"Lakini ndipo alipokuwa amekaa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Rudia."

Ulikuwa unarudiwa mara ya tatu Mwenyekiti alipobisha hodi, na daftari mkononi. Kamati, alieleza, ilikuwa imeshapitisha toleo la ukimya na hata kulichagulia rangi ya jalada. Lakini alipopewa spika moja ya sikioni asikilize, alisimama katikati ya jikoni, mdomo wazi, hadi mwisho. Akasema hii ni zaidi ya muziki. Akasema huu ni ufufuo. Akaketi bila kukaribishwa na kufungua ukurasa mpya.

"Fundi, kaka yangu, historia inasubiri. Jalada lazima litaje mchango wako, na neno 'fundi' peke yake halitoshi, litakuwa dharau. Tukuite nani? Mhandisi wa Kumbukumbu? Mfumaji wa Mwangwi? Wewe mwenyewe, kwa maneno yako, katika kazi hii umefanya nini?"

Fundi alifikiri.

"Andika nimeharibu friji."