Pubeli Haikungoja Eda

Mwenzangu wa kazi alichukia kuandika. Mara ngapi nilimwambia: "Kaka, wewe ulisoma bure!" Anacheka tu. Shirika letu dogo hapa Kasongo linafuatilia mashamba ya wakulima, na yeye ndiye aliyekuwa akizunguka Lusangi na Nyangwe kwa pikipiki kutazama mihogo na mpunga. Sisi wengine tulikaa ofisini, biro kama tunavyoiita, tukaandika ripoti. Yeye ya kwake aliirekodi kwa sauti kwenye simu, kisha akaituma kwenye saiti yetu ya kazi, pale ambapo kila mfanyakazi ana kabati lake la kutunzia vitu. Kila Jumatatu tulimsikiliza: "Salamu, biro! Hamujambo? Mihogo ya huku inagonjwa, lakini mimi niko muzima." Nyuma yake unasikia jogoo, watoto, na mvua juu ya mabati.

Kisha mtumbwi aliopanda kuvuka mto ukapinduka kule Nyangwe. Yeye tulimpata, tukamzika. Simu yake ilibaki majini.

Mke wake akaingia eda, akakaa ndani kama dini inavyotaka. Ilipokwisha hakwenda sokoni, hakwenda hata kwa ndugu zake. Alikuja biro kwetu, mtoto mgongoni.

"Shemeji," aliniambia, "nimekuja kuomba kitu moja tu. Sauti yake. Hata ile ya mihogo. Huyu mutoto alikuwa bado mudogo sana, hamujui baba yake. Siku zote nilizokaa ndani nilikuwa ninajiambia: sauti iko biro, itaenda wapi?"

Nilifungua saiti huku ninamtania kwamba atachoka kusikia habari za mihogo. Kabati la mwenzangu halikuwapo. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, wapi!

Mama sekretere wetu, mtu mzima anayetuita sote watoto wake, akasema kwa upole tu: "Nilifagia mimi."

Kwao kijijini, matanga yakiisha, nyumba ya marehemu inafagiliwa na vitu vyake vinaondolewa, ili waliobaki wasiumie kila wanapoviona. Basi baada ya hitima ya siku ya saba alifuta meza ya mwenzetu, akaosha kikombe chake, akapeleka koti lake la mvua nyumbani. Halafu akafungua saiti, akaifagia nayo. "Jina lake lilikuwa linaniumiza kila asubuhi," alisema. Nilitaka kupiga kelele. Lakini utampigia kelele nani? Mtu aliyefanya kwa mapenzi?

Nikakumbuka pubeli. Ukifuta kitu kwenye saiti hakipotei palepale, kinaangukia kwenye pipa la taka ambalo sisi tunaliita pubeli, kinangoja humo. Nikaifungua. Nilikuta barua za juzijuzi na picha za mkutano. Sauti za kwake hakuna hata moja. Nikampigia fundi wetu aliye Kindu, simu nikaiweka kwenye spika.

"Pubeli inatunza vitu miezi tatu tu," alisema. "Kiisha inajimwaga yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, kaka."

Nikamkatia simu. Ndiyo saa ya kuniletea methali!

Miezi mitatu. Na eda ni miezi minne na siku kumi. Yule mwanamke alikuwa amesikia kila neno, na hesabu hiyo hakuna mjane asiyeijua.

"Shemeji, kama ningetoka mbele ya eda kuisha, ningemukuta?"

"Hapana," nilisema. "Ilipotea zamani. Hata ungekuja siku ya kwanza, usingeikuta."

Nilidanganya, na akiniuliza kesho nitadanganya tena. Mtu ameishika dini yake, amemlilia mume wake kama inavyopasa, halafu nimwambie kwamba kungoja kwake ndiko kulikomnyima? Astaghfirullah, siwezi. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema aksanti, akatoka. Nililia pale pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Kesho yake nilimpigia fundi tena. Nilimwambia atufundishe namna ya kuzuia jambo hili lisirudi. Akanieleza kwamba mkubwa wa saiti, na ndiye mimi, anaweza kuamuru vitu vitakavyofutwa kuanzia siku hiyo, si vya zamani, vitunzwe mahali pengine, pubeli imwagike isimwagike.

"Munataka muda gani?" aliuliza.

"Upite eda."

Naye ni mtoto wa Kiislamu, akaelewa. "Pole, kaka," alisema. "Tuweke miaka saba."

Tukaweka, yeye anasema, mimi ninabonyeza. Konekshoni ikakatika, tukaanza upya, ikakatika tena, nikaitukana. Mwishowe akasema tujaribu: tuweke sauti, tuifute, tuimwage na pubeli, kisha tuirudishe. Mama sekretere akaomba aseme yeye. Akaikaribia simu, akasema, "Salamu, biro," basi, akashindwa kuendelea. Akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, akaimwaga pubeli. Mimi nikaenda kule alikonielekeza fundi, nikairudisha.

"Salamu, biro," saiti ikasema.

Mama akaruka kitini, akapiga makofi. "Imerudi! Yesu wangu, imerudi!" Akanishika bega, uso wote unacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Haya, mutoto wangu," alisema. "Sasa rudisha ya kwake."