Maji ya Moto Chini ya Chunya

Juzi, nje ya Mbeya, niliona mwamba uliochongwa kupisha barabara, una mshipa mweupe katikati, nikamkumbuka baba. Alikuwa akichimba dhahabu Chunya. Aliniambia kwamba zamani sana ardhi ilipasuka, maji ya moto yakapanda kutoka chini, yakaacha dhahabu kwenye nyufa. Leo najua yalipoa kabla binadamu hajakuwepo. Wakati ule nilidhani bado yanachemka huko anakoshuka baba.

Alasiri moja ardhi ilitikisika, sufuria zikagongana jikoni. Mara tukasikia kelele kwamba shimo la baba limeporomoka. Mama alikimbia akilia. Mimi nilibeba ndoo ya maji ya kisima, nikasimama nayo pale wanaume walipokuwa wakifukua, vumbi likinikaba koo.

Walipomtoa, walimlaza juu ya turubai.

“Baba mdogo, mmwagie maji, ameungua,” nilisema.

Baba mdogo alinitazama, akaipokea ndoo. Alilowesha shati lake, akamfuta kaka yake udongo usoni, taratibu, mpaka nyuma ya masikio.

Nilimgusa baba shavu. Lilikuwa la baridi.

“Mama, amepoa!” nilisema kwa furaha, na wanaume wote wakageuza nyuso zao.