Halbadiri ya Likizo

Sisi watu wa Pemba polisi hatuwaogopi sana. Tunachoogopa ni Halbadiri, ile dua ya kumlaani mwizi, mashehe wamekaa duara na chetezo kati kinafuka ubani. Tajiri wangu alilijua hilo vizuri.

Nilikuwa nauza kwenye duka lake la jumla, Wete. Likizo yangu ya mwaka ilikuwa imefika, na malipo yake nilishayapangia kazi: kumpeleka mama Unguja akatolewe mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshazima, la pili linafuata. Siku hizo alikuwa ananitambua kwa mlio wa ndara zangu mlangoni.

Wiki ile madumu ya mafuta ya kupikia yakapotea stoo. Tajiri akatuita, mimi na mchukuzi wake, mzee mmoja wa Kengeja. Wala hakufoka.

"Chagueni wenyewe. Nikate kwenye malipo yenu ya likizo, au niwaite mashehe."

Mzee wa watu hakungoja. "Kata, bwana. Kata tu."

Na hakuchukua yule, nakula yamini. Afisa wa kazi nilishamsikia redioni: likizo ya mwaka ina malipo yake, na mshahara haukatwi kwa hasara ambayo hakuna aliyethibitisha kuwa umeitia wewe. Yote hayo nilikuwa nayajua. Na bado nikamwomba anipe mpaka kesho.

Mtu wa bara ataniuliza, kama hukuiba unaogopa nini? Nilipokuwa mdogo, Kisiwa Panza, ilipotea mashine ya boti, ikasomwa Halbadiri. Haukupita muda jirani yetu akavimba tumbo, akafa, na pale mazikoni watu wakawa wanatazamana. Baadaye mashine ikaonekana kwa mtu mwengine kabisa, naye mzima wa afya. Labda jirani yetu alikuwa na ini bovu tu, sijui. Lakini nani atanihakikishia mie kwamba ile dua haipotei njia?

Nyumbani Jadida nikamweleza mama. Mkono wake ukapapasa ukingo wa kitanda.

"Hukuchukua weye?"

"Sikuchukua, mama."

"Basi mwache akate. Miye nishazoea kiza."

Sauti yake ilitetemeka, nikajua hajazoea. Hapo ndipo hasira zilipokuja, lakini hofu haikuondoka kuzipisha.

Asubuhi nilifika dukani. Nikamwambia tajiri, "Isomwe, bwana. Lakini isomwe kwa nia mbili: aliyechukua mafuta, na anayemzuilia mwenzake malipo yake ya likizo."

"Hiyo ya pili ya nini?"

"Kama huzuii, haikuhusu."

Jasho lilimtoka puani. Na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye, maana angesema "haya, twende", kwisha habari yangu. Alitazama mlangoni kama kuna anayesikia, akavuta mtoto wa meza, akanilipa malipo yangu kamili bila kuniangalia. Mzee wa Kengeja alikatwa. Nilimwambia na yeye adai haki yake, akaniomba kwa adabu nisimtajie tena jambo lile.

Likizo yangu yote niliimalizia Unguja na mama. Siku aliyofunguliwa bendeji alinikazia macho usoni kwa muda mrefu, nami nikangoja aniambie nimekonda, au nimezeeka. Akanivuta mkono mpaka nikainama, akazungumza taratibu wauguzi wasisikie.

"Sasa nakuona, mwanangu. Hebu nambie tena. Hukuchukua?"