Diep na Walimu wa Kuogelea

Kabla hajaja kwetu, Diep alikuwa mtaalamu wa viungo katika hospitali ya wilaya. Kazi yake ilikuwa kuwanyoosha watoto waliozaliwa na mikono na miguu iliyokakamaa. Aliipenda kazi hiyo, lakini kuna jambo lilikuwa likimkera. Mtoto ananyooshwa asubuhi, kisha anarudishwa nyumbani kukaa kwenye mkeka mpaka miadi nyingine, huku wenzake wanapiga mbizi mferejini mbele ya macho yake. Siku moja akamwambia daktari mkuu wake kwamba amechoka kutengeneza miguu isiyokwenda popote. Akaacha hospitali, akajiunga na kikundi kinachowafundisha walimu namna ya kuwapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wengine. Alianza na walimu wa shule, akaenda kwa walezi wa chekechea, na mwishowe akafika kwetu sisi tunaofundisha watoto kuogelea.

Sisi ni watu wa mifereji ya Dong Thap, kusini mwa Vietnam. Mwezi wa tisa mto unapofurika, maji yanaingia mpaka chini ya sakafu za nyumba, na mtoto asiyejua kuelea anawanyima wazazi usingizi. Ndiyo maana kila kijiji kina bwawa la nyavu: mianzi imechomekwa mferejini, wavu umezungushwa, na watoto wanafundishwa humo kabla ya mafuriko. La kwetu lilikuwa chini ya Mjomba Sau, aliyewahi kuendesha kivuko, mtu wa kitambi na mdomo usio na breki. Mimi nilikuwa msaidizi wake.

Diep mwenyewe hakujua kuogelea. Alitutamkia hivyo siku ya kwanza, mbele ya walimu wote, na Mjomba Sau akacheka mpaka akashika mbavu.

"Binti, umekuja kutufundisha sisi, na wewe mwenyewe unazama kama chungu?"

"Ndiyo, mjomba. Nifundishe kuelea, nami nitakufundisha kufundisha."

"Na ukinywa mfereji wote?"

"Utapata pa kulima mpunga."

Akaingia na nguo zake, mwanamke mzima, watoto wamejipanga ukingoni wanahesabu kila funda alilomeza. Baada ya juma moja alikuwa anaelea. Tangu hapo Mjomba Sau hakumkatalia jambo bila kwanza kulifikiria, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Jambo la kwanza ambalo mjomba alimkatalia Diep lilimhusu Kieu. Kieu alikuwa binti wa jirani yangu, miaka tisa, miguu yake imekakamaa na maneno yake yanatoka polepole, kila moja likisukumwa. Akili yake ilikuwa kali kuliko ya wengi wetu. Mjomba Sau alitaka awe na darasa lake peke yake siku za Jumapili.

"Wengine watachelewa," alisema. "Wazazi watanijia juu."

"Waje," akasema Diep. "Darasa moja, saa moja, maji yaleyale. Ukimtenga, atajifunza kuogelea na wewe tu. Mimi nataka ajifunze na watoto atakaoishi nao."

Kisha akatugawa wawili wawili, akatuambia kila mmoja amshike mwenzake kichwa ili asizame. Mjomba Sau alinikamata shingo kama anayekamata bata. Kiuno kikazama, miguu ikafuata, nikaanza kuyapiga maji makofi kwa woga.

"Umeona?" Diep akamwambia. "Ndivyo mnavyowashika wote. Sasa weka kiganja chini ya mabega, basi. Masikio yaingie majini. Halafu nyamaza."

"Hilo la mwisho ndilo gumu," nikasema, na walimu wote wakaangua kicheko.

Mama Kieu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko sote. Mdogo wake wa kiume alikufa maji walipokuwa watoto, na tangu hapo alikuwa anaoga kwa kata. Diep alikwenda kwake mara nyingi, anakaa jikoni, anamsaidia kuchambua samaki, hasemi habari za bwawa mpaka aulizwe.

"Mtoto anayeogopa maji anakaa mbali nayo," Mama Kieu alimwambia mara moja. "Wewe unataka kumtoa woga wote niliomtia. Akishaupoteza, nani atamzuia?"

Diep akasema, "Dada, maji yenyewe yatakuja mpaka mlangoni mwako. Hayatamwuliza kama anaogopa."

Mwishowe Mama Kieu alikubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asimame ukingoni kila siku. Akasimama. Kieu alijifunza kuelea chali haraka, lakini kujigeuza kutoka kifudifudi kulimshinda muda mrefu. Diep alimfundisha Mjomba Sau kutomgeuza. "Mwulize aanzie wapi," alisema. Kieu akaulizwa. Akasema angeanza na kichwa, kisha bega la kushoto, kwa sababu ndilo bega linalomtii. Watoto wengine wakaufanya mchezo, kila mtu gogo, kila mtu anajigeuza kwa bega la kushoto. Siku alipoweza, bwawa lote lilipiga kelele, na Mama Kieu ukingoni akaziba uso kwa kofia yake.

Kisha mafuriko yakaja. Nyavu zikatolewa, Diep akaenda wilaya ya jirani kufundisha kundi jipya.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika. Mama Kieu alimwacha binti yake barazani akaenda jikoni kuangalia mchuzi. Aliporudi, alikuta ndala moja tu. Sauti aliyoitoa niliisikia nikiwa kwangu, nami sipendi kuikumbuka. Wanaume wakaingia kwenye mitumbwi. Maji yalikuwa yanakwenda kasi, ya rangi ya udongo, yanabeba matawi na magugu maji makubwa kama mikeka. Nikampigia Diep simu. Alisema, "Nakuja," akakata.

Alifika mimi nikiwa nimerudi mara ya kwanza mikono mitupu; alikuwa amelowa tope mpaka kiunoni, pikipiki ameiacha kivukoni. Mama Kieu alikuwa amekaa sakafuni, ameshikwa na wanawake wawili. Alimtazama Diep.

"Nilikwambia," alisema. "Sikukwambia?"

"Uliniambia, dada."

"Nilikwambia atapoteza woga."

Diep alivua viatu, akashuka kwenye mtumbwi wangu, akashika kasia. Alipiga kasia ovyo, likawa linagonga ubavu wa mtumbwi. Tuliteremka na mkondo. Kila fungu la magugu lilikuwa na kitu cheusi ndani yake, na kila mara kilikuwa gogo au gunia.

Aliyemsikia ni Mjomba Sau, aliyekuwa mbele yetu. Alinyoosha mkono tunyamaze. Pale maji yanapopita katikati ya vichaka vya maua ya njano, tunayochuma kwa mchuzi, ilitoka sauti nzito, iliyokauka, inasukuma neno moja moja.

"Mjomba! Hapa! Wewe! Kiziwi!"

Kieu alikuwa amelala chali juu ya maji, magugu yamemzunguka, mkono mmoja umeshika tawi. Midomo imekuwa ya bluu na uso una hasira. Mjomba Sau alijitupa majini na kitambi chake chote. Alipomfikia, kwa woga alitaka kumkamata shingo.

"Siyo hivyo!" Kieu akafoka. "Kiganja. Chini."

Akaweka kiganja chini ya mabega, akamleta mtumbwini, huku analia waziwazi kama mtoto. Diep alimpokea, akamvika shati lake la juu lililobaki kavu, akamsugua miguu. Ndipo akauliza swali ambalo, nilijua, alikuwa nalo tangu nilipompigia simu.

"Kieu, uliingia mwenyewe?"

Mtoto alimtazama kana kwamba ameulizwa upuuzi. "Niliteleza. Ubao una ute. Niliangukia uso." Akapumzika kidogo. "Nikaanza na kichwa."

Diep akainama, akaweka paji la uso juu ya magoti ya Kieu, akabaki hivyo mpaka tulipofika nyumbani.

Mama Kieu alimpiga binti yake kofi moja dogo la mgongoni, kisha akamkumbatia, na haikuwezekana kuwatenganisha. Baadaye aliinuka, akapakua bakuli la wali na mchuzi mchachu wa samaki wadogo, uliokuwa umeungua kidogo chini, akamwekea Diep mkononi.

"Kula," alisema. "Umepauka kama maiti. Kisha umwambie huyo mzee aje aniwekee uzio wa mianzi barazani, badala ya kulialia kwenye nguo za watu."

"Sikulia," akasema Mjomba Sau. "Ni maji ya mto."

"Yametoka puani?" akauliza Kieu kutoka ndani ya blanketi.

Tulicheka sana, zaidi ya utani wenyewe, mpaka wengine wakahitaji kukaa chini. Diep alikula bakuli lile, akaomba la pili, akaja kwangu kusubiri nguo zikauke. Alijinyoosha kwenye kitanda changu cha wavu, kilichotundikwa pale upepo unapopita. Simu yake ikaanza kulia: wakubwa wake wa kikundi, bila shaka walikuwa wamesikia nusu ya habari. Nikamwuliza kama nipokee.

Alikuwa tayari amelala, mdomo wazi, tope limemkaukia miguuni. Niliizima simu, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda kumsaidia Mjomba Sau kutafuta mianzi.