Mfua nguo aliyechagua shule kwa asilimia

Jua bado liko nyuma ya milima ya Mumirwa, na Lisette Namwezi ameshajaza mabeseni yake nyuma ya nyumba moja kubwa ya Kiriri, mtaa wa matajiri ulio mlimani juu ya jiji. Moja la povu, mengine ya kusuuza. Anaanza na mashati meupe ya mwenye nyumba. Analowesha kola, anaipaka sabuni ya mche, anaifikicha hadi mstari wa jasho unapotea.

Hatua chache kutoka kwake, barazani, binti mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani anapuliza makaa ndani ya pasi. Huyo ni Gaëlle, kifungua mimba wake. Ana umri wa miaka kumi na sita.

Nje ya geti watoto wanapita kwenda shule, wakicheka na kusukumana. Gaëlle anageuka na kutandaza shuka juu ya meza. Mama yake anamwona. Anasubiri sauti zile ziishie mteremkoni ndipo aseme neno.

"Saa hii angekuwa darasani," anasema kwa sauti ya chini. "Na si yeye alikosa. Ni mi nilimupeleka pale."

Lisette, 39, ni mzaliwa wa Uvira, mji wa Kongo unaoonekana ng'ambo ya ziwa kutoka hapa Kiriri siku ambayo hakuna ukungu. Alivuka mpaka akiwa msichana aliyeolewa juzi, yeye na mumewe Destin, ambaye ni fundi mwashi, baada ya vita kuwafukuza kwao. Walipanga nyumba Gatumba, karibu na mpaka, kwa sababu watu wa kwao walikuwa wengi huko na sokoni walielewana na kila mtu. Hapo ndipo alipozaliwa Gaëlle, na baadaye sana mdogo wake, Bonfils.

Gaëlle aliingia shule ya serikali ya huko huko. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, lakini alichokisoma alikielewa. Mwalimu wake wa mwaka wa sita, Adélaïde, alikuwa na desturi ya kumwachia muda.

"Alikuwa anasema, 'Muache Gaëlle amalize,'" anakumbuka binti huyo bila kuinua macho kwenye pasi. "Wote wananyamaza. Namaliza, ndiyo tunaendelea."

Kisha maji yakaja. Mto Rusizi ulifurika na ziwa nalo likapanda. Maji yaliingia jikoni, yakafika kitandani, na safari hiyo hayakurudi yalikotoka. Familia ikakimbilia kwa ndugu wa Destin, ikalala sebuleni, na kuanza kutafuta pa kuhamia.

Majirani walitafuta nyumba yoyote yenye sakafu kavu. Lisette alitanguliza jambo lingine.

"Watu walitafuta nyumba, mi nilitafuta masomo," anasema. Masomo ndivyo Wakongo wengi wanavyoiita shule. "Nilijiambia, nyumba unaweza kuhama hata kila mwaka. Mutoto ukimuhamisha vibaya, kumurudisha ni kazi."

Kazi yake ilimsaidia. Mfua nguo wa kuitwa haishi kwa bosi mmoja: leo yuko Rohero, kesho Kibenga, keshokutwa Kiriri. Kila alikokwenda, alipita kwenye shule ya serikali iliyo jirani. Alisimama penye ua akasikiliza kama walimu wanafundisha au wanapiga kelele. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni ili avione vyoo. Alichungulia madirishani kuona watoto wanaobanana dawati moja ni wangapi. Watoto walipotoka, aliwasimamisha wadogo na kuwaomba wamsomee ukurasa.

Katika shule moja ya kaskazini mwa jiji alikuta watoto themanini na zaidi katika chumba kimoja, nusu wakisoma asubuhi na nusu mchana kwa sababu vyumba havitoshi. Madirisha hayakuwa na vioo. Akaondoka. Nyingine, iliyo karibu na ziwa, ilikuwa na walimu wazuri, lakini kiwanja chake kilikuwa na tope lile lile alilolikimbia Gatumba. Hiyo nayo akaiacha.

Ndipo akaiona ya tatu, katika kitongoji cha kusini, si mbali sana na Kibenga. Gazeti hili limeamua kutoitaja. Ina ukuta uliopakwa rangi, mti mmoja wa maua getini, na nje ya ofisi ya mwalimu mkuu pamebandikwa matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka wa tisa, ule unaoamua nani aendelee na masomo. Karibu wanafunzi wote waliofanya walikuwa wamefaulu.

"Niliingia, nikasalimia, nikamuuliza direkta, 'Ni kweli hii asilimia?' Akasema, 'Ni kweli, mama, na mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo.' Nikasikia moyo unatulia."

Nje ya geti alimkuta mwanamke anayeuza maandazi, Soumaya kwa jina. Lisette alinunua moja ili apate la kuulizia. Je, watoto wa hapa wanafaulu kweli?

"Akanijibu, 'Wale wanaobaki wanafaulu,'" anasema Lisette. Mikono yake imetulia ndani ya maji. "Nilisikia. Lakini nilikuwa nimeshaipenda ile shule. Ukishapenda kitu, masikio yanafunga. Nikafikiri anasema wale wasiokuwa wavivu."

Destin hakukubali kuhamia huko. Alikuwa amepata vyumba viwili kwenye mwinuko, upande ule ule wa Gatumba, mahali ambapo maji hayakufika na Gaëlle angeendelea na shule yake. Mke na mume walibishana kwa siku kadhaa mle sebuleni mwa ndugu, wakinong'ona ili wenyeji wasisikie.

"Nilimuambia, Mama Gaëlle, mutoto hana shida pale alipo. Walimu wanamujua," anasema Destin, mtu mpole mwenye saruji iliyokauka kwenye nyusi. "Akaniambia, 'Kujuliwa hakufaulishi mutu.' Mi sikusoma sana. Nikakubali."

Walihamia kusini. Nyumba ilikuwa ndogo na kodi yake ikameza karibu nusu ya walichokipata wote wawili, lakini shule ilikuwa karibu na Gaëlle alipokelewa mwaka wa saba. Lisette alimshonea begi kutokana na kipande cha suruali ya jinzi. Asubuhi ya kwanza alimsindikiza hadi getini, akasimama kando ya barabara hadi kengele ikalia.

Hapa hapakuwa tena na mwalimu mmoja wa darasa kwa mwaka mzima. Kila somo lilikuja na mwalimu wake, wengi wakifundisha kwa Kifaransa cha haraka. Gaëlle alifuata mstari kwa kidole, na kabla hajafika mwisho mwalimu alikuwa ameshafuta ubao. Mwaka ukaisha, akaambiwa arudie. Kudubule, kama wanavyosema hapa.

"Hata mimi nilimugombeza," anasema Lisette. "Nilisema masomo ni mazuri, kwa hiyo kosa ni lake."

Gaëlle akarudia mwaka wa saba, akapita kwa shida, akaingia wa nane. Wakati huo alikuwa ameacha kusoma kwa sauti nyumbani. Hesabu na sayansi zilimwacha tena. Mwisho wa mwaka ule mwalimu mkuu alimwita mama yake ofisini.

Lisette anayakumbuka maneno yale, kwa kuwa yalisemwa kwa upole.

"Akaniambia, 'Mama Gaëlle, binti yako ana tabia nzuri, hatuna neno naye. Lakini hapa hatutamuweza. Ni heri umutafutie shule nyingine, kabla hajafika mwaka wa tisa.' Nikamuuliza, 'Direkta, amefanya kosa gani?' Akasema, 'Apana, hakuna kosa.' Nikamuuliza tena, 'Sasa kwa nini atoke?' Akaangalia dirisha."

Gazeti hili lilimtafuta mwalimu mkuu huyo. Alikubali kuongea kwa sharti la kutotajwa jina. Hakukana.

"Tunawashauri wazazi, hatumfukuzi mtoto," alisema. Alipoulizwa kama wanafunzi dhaifu hushauriwa hivyo ili matokeo yasishuke, alijibu kwa swali. "Nani anayeuliza matokeo? Ni wazazi. Hawaji hapa kuuliza mtoto anayechelewa tunamsaidia vipi. Wanauliza asilimia. Yule mama pia ndilo jambo aliloniuliza. Ikishuka, mwaka unaofuata wanaenda kwingine, nasi tunaulizwa na wakubwa wetu. Siwezi kusema ninalala vizuri kwa hilo."

Lisette alipoelezwa jibu hilo hakukasirika. Alikamua shati, akalikung'uta, akalitundika kambani na kulinyoosha mikono.

"Amesema kweli," alisema. "Ile asilimia niliipenda mi mwenyewe. Sikuuliza wale wasiofanya mtihani wako wapi. Sasa najua. Mumoja uko naye hapa, anapiga pasi."

Baada ya pale alibisha hodi kwenye shule kadhaa. Moja ilisema darasa la nane limejaa. Nyingine ilisema binti amekuwa mkubwa mno. Alirudi hata Gatumba kumtafuta mwalimu Adélaïde, akaambiwa amehamishiwa mkoani. Mwaka wa shule ukaanza bila Gaëlle. Wiki za mwanzo alikaa nyumbani na Bonfils. Baadaye akaanza kumfuata mama yake kazini, kwanza kubeba mabeseni, kisha kupiga pasi. Anaipiga vizuri. Madamu wa hapa Kiriri ameshamwomba yeye kwa jina lake.

"Watu wananipongeza," anasema Lisette. "Wanasema, 'Umepata musaidizi.' Nasema asante. Ndani ninaumia."

Destin hajamlaumu hata mara moja. Lisette anasema angefarijika kama angemgombeza. Jioni mume huyo anafika na vumbi lake, anaoga, anamuuliza binti yake habari za siku, wanakula. Shule haitajwi.

Na Gaëlle mwenyewe? Anasita kuongea mbele ya mama yake. Mama anapokwenda bombani kuteka maji, anaweka pasi juu ya kigae.

"Sikuchukia masomo," anasema. "Nilichoka kuwa wa mwisho. Kule Gatumba nilikuwa pole pole, lakini sikuwa wa mwisho." Anafikiri. "Mama alizunguka shule zote hizo, akarudi akatuambia vyoo, madawati, walimu. Mi nilikuwa nimekaa pale pale sebuleni. Hakuniuliza kama nataka kwenda."

Aliyasema hayo kwa mama yake pia, mwezi uliopita. Lisette anakiri kwamba usiku ule alilia, na asubuhi akaanza tena kuzunguka.

Safari hii kuna sababu mbili. Bonfils anatakiwa kuanza mwaka wa kwanza mwezi wa tisa, na ile nyumba ya kodi kubwa haina maana tena ikiwa hakuna mtoto anayesoma jirani. Safari hii pia maswali yake yamebadilika. Anapofika shuleni haulizi waliofaulu. Anauliza waliorudia darasa wanakaa na nani, na kama yupo mtoto aliyeondoka akakubaliwa kurudi.

Maswali hayo yamemrudisha kaskazini, kwenye ile shule ya madirisha yasiyo na vioo. Mwalimu mkuu wake, Astère, ni mzee anayekaribia kustaafu. Hakuwa na matokeo ya kujivunia na alisema hivyo mapema. Lakini alimwonyesha Lisette chumba kimoja ambamo, baada ya zamu ya mchana, walimu wawili hukaa na waliobaki nyuma bila malipo.

"Si kila siku," anasema Astère. "Mwalimu naye ana njaa. Lakini mtoto akija, hatumwambii tafuta kwingine. Akianguka mtihani, ataanguka akiwa wetu."

Wiki iliyopita Lisette alifanya jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Aliacha kazi ya siku nzima, akampeleka Gaëlle akaione shule hiyo kwa macho yake. Binti alizunguka kiwanja peke yake. Alisimama dirishani mwa darasa la nane na kuwatazama wanafunzi, wengi wao wakimfikia mabegani. Kisha akamwendea mwalimu mkuu na kumuuliza swali moja tu.

"Mutu mukubwa anaruhusiwa kukaa nyuma?"

"Kaa popote," Astère alimjibu. "Ila wa nyuma tunamuita ubaoni kama wengine."

Walirudi nyumbani, na hadi tunakwenda mitamboni Gaëlle alikuwa hajatoa jibu. Anaogopa kuchekwa na watoto wadogo. Anaogopa pia, anasema, kumpa mama yake matumaini kwa mara ya pili.

Lisette ameshazungumza na mwenye nyumba moja ya kaskazini, vyumba viwili, karibu na shule. Bonfils ataandikishwa huko kwa vyovyote. Kuhusu Gaëlle, amejizuia asiulize kila siku.

"Sitamusukuma tena," anasema huku akimwaga maji ya povu kwenye mfereji. "Akisema ndiyo, nitafurahi. Akisema apana, nitamufundisha hii kazi yote, asionewe na mutu. Halafu mwaka unaokuja, kabla masomo hayajafunguka, nitamuuliza tena. Na mwaka mwingine. Hata akiwa na watoto wake, nitamuuliza."