Chupa ya Masuke kwenye Msiba wa Thuweba

Nimekaa na aibu hii tokea msimu wa mawaridi uliopita, na kila nyumba ninayoingia nahisi imeshafika kabla yangu, imekaa kwenye zulia inaningoja. Basi bora niieleze mwenyewe kuliko kuendelea kuelezewa na jirani yangu Zayana, ambaye kila akiisimulia huongeza kitu (mara ya mwisho nimesikia eti nilikuwa nimelewa, mimi Zuwena, ambaye hata soda ikinikwaruza koo naiweka chini).

Nakaa Ibra, Omani. Nimezaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, chuoni nilihitimu na Msahafu nausoma vizuri, lakini skuli niliondoshwa mapema nikamlee mdogo wangu, kwa hiyo herufi za Kizungu kwangu mimi ni nyayo za kuku kwenye vumbi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Lenyewe na ujuaji wangu.

Kazi yangu ni marashi. Kila msimu mjukuu wangu Nasra hunipakia kwenye gari tukapanda mlima wa Jabal Akhdhar, kwa Bi Shamsa, mjane mmoja ambaye bado anapika mawaridi kwenye tanuri la udongo kwa kuni, kama alivyopika mama yake. Marashi yale si haya meupe ya mitungi ya gesi. Yale yana rangi ya chai nyepesi na yananuka moshi kidogo, na ukimrashia mtu leo, kesho ukikutana naye bado unayasikia kwenye shela. Wanaoyapika hivyo wamebaki wachache na Bi Shamsa anayatoa kidogo tu, na ni mimi tu aliyekuwa akiniuzia, nikiyateremsha Ibra na kuyauza soko la wanawake la Jumatano.

Bei sikuiandika popote. Bei nilikuwa nikiitazama usoni. Akija mama wa bibi harusi, riali nane, na ananishukuru. Akija mtu wa halwa, riali tano, kwa sababu atarudi. Akija mwenye msiba, sichukui kitu, namtilia kwenye chupa namwambia Mungu amrehemu. Ndivyo nilivyofanya miaka yote, na watu walinipenda kwa hilo, na mimi nilijipenda kwa hilo vile vile, nisiseme uongo.

Sasa akatokea Intisar. Huyu ni msichana wa Maskati, ana kucha ndefu na adabu nyingi, alikuja sokoni akanunua chupa zangu zote kwa riali nane nane bila kupatana. Nikafurahi mpaka nikampa ubani wa bure. Wiki ile ile Nasra ananionyesha simu: marashi yangu, yamepigwa picha juu ya kitambaa cha hariri, Intisar anayauza riali thalathini, na chini ameandika kwamba ni ya mwisho mwisho, hayapatikani tena, na watu wanagombania! Roho iliniuma, wallahi, nilikosa hata hamu ya kahawa.

"Bibi, yeye anauza chupa, si marashi," Nasra akaniambia. "Wewe unatilia kwenye chupa za siki. Nani atatoa thalathini kwa chupa ya siki?"

Neno lile likaniingia.

Tulipopanda tena mlimani nikapita kwa Yusufu. Huyu ni mtu mzima wa Tanga, mpishi kwenye hoteli moja kule juu, na kila nikipita hunipa shikamoo yangu na tunazungumza Kiswahili tukaburudika. Nikamwuliza kama hotelini kwao hawatupi chupa nzuri. Akanitolea makasha. Jamani, chupa! Kioo kizito, cheusi, kizibo cha kaure cheupe kinachofungwa kwa waya, na kwenye tumbo la chupa wamechora masuke, yametokeza kwenye kioo chenyewe, ukipitisha kidole unayahisi, na chini yake maandishi. Karatasi zake zilikuwa zimeshabanduliwa kwa maji.

"Chukua, Bi Zuwena, zinakwenda jaani hizi," Yusufu akasema, halafu akajikuna kidevu. "Ila bibi, ngoja nikwambie, hizi zilikuwa na..."

Nikamkata. Nakumbuka maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu niliyaona ya kijanja sana. "Mwanangu, mie nanunua chupa, sinunui habari zake."

Akacheka. Na mimi nikacheka. (Nilidhani labda siki, labda mafuta ya Wataliana. Au tuseme hivi: sikutaka kudhani.)

Nikazikosha kwa maji ya moto na magadi, mara tatu, mpaka vidole vikachubuka, nikazianika juani, nikanusa, hazinuki kitu. Nikazitilia marashi ya Bi Shamsa, nikazifunga utepe wa kijani, na sokoni nikazipanga masuke yakitazama mbele. Watu wakiniuliza masuke ya nini, nikawaambia ni alama ya baraka, ya rizki, hata msahafu umetaja masuke. Nilisema hivyo! Na bei nikaipandisha riali kumi na tano, kisha ishirini, na kadiri nilivyopandisha ndivyo walivyozidi kuja. Aliyenunua kumi na tano alimuuzia dada yake ishirini na tano. Wanawake walikuwa wakiniomba niwawekee kama wanavyoomba nyama ya sikukuu.

Hapo ndipo alipokuja Rayya.

Rayya ni binti mkubwa wa Thuweba, na Thuweba ndiye shoga yangu wa toka utotoni. Malindi tulikaa mlango kwa mlango, tulitobolewa masikio siku moja na sindano moja, na baada ya mambo yote yaliyotokea na kila familia kurudi Omani kivyake, tulikutana tena hapa Ibra, kila mmoja na watoto wake, tukashikana mikono katikati ya njia tukalia mpaka gari zikatupigia honi. Tukaahidiana tokea hapo: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemkosha. Si muosha wa kulipwa, si jirani. Thuweba alikuwa akinitania, "Uje na marashi yako, Zuwena, na usinipige bei nikiwa nimelala."

Mwaka ule alikuwa mgonjwa wa figo, na madaktari walishawaita watoto wake. Rayya alikuja sokoni uso umemshuka, akaniambia anataka chupa za kuweka, nikajua za kuwekea nini. Na watu walikuwa wamesimama wanasubiri, na Intisar alikuwa pale pale na mkoba wake, na mimi nikaona nikimpa Rayya bure mbele yao bei yangu itaanguka. Nikamwambia ishirini. Alinitazama kidogo. Akatoa.

Nilijisemea nitamrudishia baadaye, tukiwa peke yetu. Baadaye haikuja.

Thuweba alifariki asubuhi, Jumatatu. Nilifika nikiwa na kanga yangu ya kukoshea na chupa moja mpya ya masuke. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni. Chumba cha ndani walishatandika ubao, majani ya mkunazi ya kumkoshea yalishatwangwa, ndoo zimepangwa, na mwenyewe amelala amefunikwa, amekuwa mdogo kama mtoto. Nikamshika mguu juu ya shuka. Nikamwambia nimekuja. Halafu nikamimina marashi kwenye ndoo ya mwisho, ile ya kafuri, chumba kizima kikanuka mlima, na wanawake kule sebuleni wakasema mashaallah. Kidogo kilichobaki nikatoka nacho kuwarashia waliofika, kama ilivyo ada, nikaiweka chupa dirishani niende nikakunje mikono.

Kulikuwa na Mariam, mke wa Hilal mtoto wa kiume wa Thuweba. Ni Mjerumani, amesilimu, binti mpole, anasali kuliko sisi. Akaichukua ile chupa, akaigeuzageuza, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Khala Zuwena," akasema kwa Kiarabu chake cha kupimapima, "chupa hii umeipata wapi?"

"Mlimani, mwanangu. Nzuri, eeh?"

"Baba yangu alikuwa nazo, anaziweka kabatini, haturuhusiwi kugusa. Ni adimu sana. Watu wanauziana hata tupu."

Na mimi (hapa ndipo ninapotaka ardhi inimeze mpaka leo), shoga yangu amelala chumba cha pili hajakoshwa, masikio yakanisimama. "Tupu? Wanauziana kiasi gani?"

"Zaidi kuliko marashi," akasema, akacheka kidogo.

Rayya alikuwa amesimama mlangoni na shuka mkononi. "Huko kwenu huwa ina nini ndani, Mariam?"

Mariam akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaona alichofanya, uso ukamwiva wote. Alikuwa hajui kusema uongo. "Bia," akasema polepole. "Bia ya zamani. Wanatengeneza kidogo tu kwa mwaka, na haya masuke ni ya shayiri yake."

Zayana akaruka, "Audhubillahi! Mie nimetilia kwenye halwa! Mume wangu kala!" Na mwengine akasema yeye kawarashia wageni wa harusi ya mwanawe wote, mpaka kadhi. Wakaanza kunusa mikono yao. Mama mmoja aliinuka akaenda kutawadha upya, na wenzake wakamfuata, na mimi niliyewarashia sasa hivi nimebaki katikati ya zulia nimekunja mikono mpaka kwenye viwiko.

Rayya hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mwageni ile ndoo," akasema.

"Rayya mwanangu, nilizikosha kwa maji ya moto na magadi, mara tatu, vidole hivi..."

"Ulijua?"

"Sikujua, wallahi."

"Uliuliza?"

Nikamwona Yusufu moyoni, anajikuna kidevu.

"Mama yangu alikuwa akituambia, nikifa mwiteni Zuwena tu, msimwite mtu mwengine," Rayya akasema. "Na mimi nilikuja kwako kununua marashi ya msiba wake ukaniuzia bei ya harusi. Nikasema haidhuru, ni mama. Leo umemletea hii. Toka, Ma Zuwena. Atakoshwa na sisi."

Nikatoka. Nilikaa kizingitini kwenye viatu. Nilisikia ndoo ikimwagwa uani, na harufu ya mawaridi ikanipitia pale nilipokaa, ya moshi, nzuri kuliko siku zote. Kisha nikasikia maji mengine yanamiminwa, taratibu, na Rayya anasema, "Mgeuzeni kulia." Mimi nilikuwa najua Thuweba ana bega bovu la kushoto toka alipoanguka ngazini Malindi, lazima ushike chini ya kwapa. Sikujua kama watashika hivyo. Jeneza lilitoka, likanipita, nikainuka, kanga yangu ya kukoshea bado kavu.

Alasiri Nasra alimpigia sheikh mmoja kumwuliza. Akasema chombo kikikoshwa mpaka harufu na athari ikaondoka, kimetoharika, na marashi yalikuwa safi, na hakuna tatizo lolote. Jibu lenyewe lilikuwa fupi kama kupiga chafya. Lakini Thuweba alishazikwa adhuhuri.

Siku zilizofuata chupa zikaanza kurudi. Hawakubisha hodi, waliziacha getini, nyengine zimejaa, nyengine zimemwagwa, utepe wangu wa kijani bado umefungwa. Za Rayya zilirudi zote, hazijafunguliwa. Sokoni Jumatano wanawake wakazunguka kwa nyuma wasipite mbele ya mkeka wangu, na anayenisalimia alinisalimia haraka haraka. Aliyenitafuta ni mtu mmoja tu, Intisar. Amesikia bei ya chupa tupu, kapata wanunuzi nje. "Bibi, usizivunje! Nakupa hamsini kwa kila moja, na hayo marashi mwaga tu." Hamsini! Nilimwambia, mwanangu, mie chupa hizo nimeshazilipia. Nikazivunja zote uani ndani ya gunia, Nasra akizihesabu kwa macho na kusikitika.

Siku hizi mtu akinipa hata andazi namwuliza limekaa kwenye sahani gani, mpaka wajukuu wananicheka. Mlimani bado napanda. Nanunua kwa Bi Shamsa kidogo, natilia kwenye chupa za plastiki za maji, ambazo kila mtu anajua zilikuwa na maji, na nimeziweka nyuma ya mlango, si za kuuza. Ni za wenye misiba, bure, kama zamani, kabla sijajifanya mjanja. Niliyeahidi kumkosha amekoshwa na wengine, na aliyeahidi kunikosha ametangulia. Rayya nimemtumia salamu kwa Mariam, mara nyingi, kwamba siku yangu ikifika naomba aje yeye, na nimemweleza kwamba na mimi sasa nina bega bovu, na linavyoshikwa.

Bado hajajibu. Na zile chupa nyuma ya mlango, hajaja mtu kuchukua hata moja.