Tanuru Haliwashwi Mkaa Ukiwa Porini

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa kiangazi, nikiwa kijana niliyetoka kumaliza kidato cha nne, mjomba wangu alinikuta juu ya paa la mama nikipigilia bati la mwisho. Alisimama chini, mkoba wa zana begani, hata salamu asinipe.

"Umepimia nini?"

"Jicho, mjomba."

"Jicho!" Akacheka bila furaha. "Basi mvua ikija, maji yatakuuliza wewe njia."

Mwanangu, ngoja nikueleze nilivyofika pale juu. Mama alikuwa mjane, na nyasi za chumba chake zilikuwa zimeoza. Mabati tulikuwa nayo. Mjomba, aliyekuwa fundi kule Laela, alituma neno: msianze, nakuja na pima maji, uzi na msumeno wa maana. Lakini mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya utingo kwenye lori la Tunduma, na damu ilikuwa inachemka. Niliona kungojea zana ni kupoteza siku. Nikaazima nyundo, nikapanda.

Mjomba aliniamuru nishuke. Akanishika mkono hadi upande wa chini wa shamba letu la ulezi, kwenye tanuru la kale la kuyeyushia chuma, lile la udongo, refu kuliko mtu, ambalo babu zetu wa Ufipa waliliacha limesimama. Akaupiga ukuta wake kwa kiganja.

"Mpwa wangu, moto wa hapa ulikuwa wa muda mfupi tu. Kilichochukua muda ni kuchoma mkaa, kubeba mawe yenye chuma, kufinyanga mirija ya kupitishia hewa. Vyote vilale kwanza mguuni pa tanuru. Maana ukishawaka, hakuna wa kusema ngojeni nikafuate mkaa porini. Mpita njia angewaona wanakusanyakusanya akadhani hawajaanza kazi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe."

"Nimekuelewa, mjomba."

"Kama umenielewa, kapande ukabandue."

Sikubandua. Kesho yake nilikuwa juu ya lori, upepo usoni, najiona mwanaume.

Mvua ziliponyesha, maji hayakuteremka nje kama maji ya paa la watu. Yalirudi nyuma, yakadondokea pale pale mama alipolaza kichwa. Mjomba alitaka kulifumua lile paa mwenyewe, mama akamzuia. "Mwache," alimwambia, "mwanangu atarudi alitengeneze." Akahamishia kitanda katikati ya chumba. Nilipokuja kumwona nikauliza kulikoni, akanijibu, "Hapa katikati ndipo penye joto, baba." Unaijua baridi ya huku kwetu, nikajifanya nimeamini. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Mama alifariki kitanda kikiwa bado katikati ya chumba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na kompyuta mgongoni.

Oresta, binti wa mwanangu wa kwanza, amesomea kutengeneza programu za kompyuta. Alirudi hapa Katandala akiwa na bahati mkononi: wanunuzi wa mahindi wa Laela walikuwa na programu yao ya kupokelea mizigo ya wakulima, ikawa inakwamakwama. Walimwambia, ifanye ikubali, utuletee Ijumaa. Ukiweza, kazi ni yako. Akishindwa, angefuata wenzake Dar es Salaam. Sikumwambia jinsi nilivyotaka abaki. Nyumba ya mzee aliyefiwa na mke ina ukimya wake.

Jumatano nilirudi kutoka kupalilia, nikamkuta amekaa, mikono katikati ya magoti, anatazama mstari mdogo unaojaa polepole kwenye kioo cha kompyuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Kazi imefika wapi?"

"Bado sijaanza. Nasubiri zana ziingie."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Mimi nimemaliza matuta ya huku na huku, wewe bado unangoja jembe?"

Akacheka. "Jembe lenyewe linatoka mbali, babu, na mtandao wetu unalileta kwa baiskeli."

Alijaribu kunielewesha. Anachoandika yeye ni maneno tu, alisema. Lazima kompyuta iwe na zana za kuyageuza maneno hayo yawe programu inayotembea, na ziwe zile zile zilizotumiwa na waliotangulia. Nilisikia, sikusikiliza. Nilimwona kijana amekaa saa zote za mchana, na Ijumaa inakuja. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananiwasha mdomoni: "Huo ni uvivu wa wasomi. Anza na ulicho nacho."

Mtoto wa heshima hakubishana. Alikatisha upakuaji, akachukua bodaboda hadi kwa rafiki yake, akarudi na zana za zamani kwenye flashi. Jioni ile nilisikia vidole vyake vikigonga, nikaridhika. Niliridhika, mwanangu! Kama vile nilivyoridhika na sauti ya nyundo yangu.

Alhamisi mchana akatoka nje, macho mekundu.

"Babu, programu imekataa kujengeka, maneno hayageuki. Inasema zana nilizoweka sizo zinazotakiwa."

"Lakini si umeshaanza?"

"Nimeanza, babu. Ndiyo shida."

Hapo nikamsikia mjomba, kama amesimama nyuma yangu na mkoba wake. Mimi niliyeonyeshwa tanuru kwa mkono, nilikuwa nimeona watu wanakusanya mkaa nikawaita wavivu. Somo nililijua, lilipovaa nguo ngeni sikulitambua.

"Nisamehe, Oresta," nikasema. "Nimekupandisha paa bila pima maji." Hakujua nasema nini. Nikamwambia habari za kitanda cha mama yangu. Akafuta uso kwa kanga. "Twende mlimani, babu. Kule mtandao unashika."

Tulipanda kile kilima cha nyuma ya nyumba. Alifuta zile za kuazima, akaanza kupakua zinazotakiwa. Upepo ulikuwa wa kung'oa kofia. Nililivua koti langu nikalitandaza juu ya kichwa chake na kompyuta, nikalishikilia, na sikuuliza imefika wapi hata mara moja. Mstari ule ulitambaa kama konokono. Mikono iliniuma. Sijawahi kufurahia maumivu kama yale.

Ulipojaa, aliandika neno moja. Maneno yakakimbia kwenye kioo, yakasimama. Akanishika goti.

"Imejengeka, babu!"

Ijumaa hakwenda Laela na kazi iliyokamilika. Siku nilizomlia hazikurudi. Alikwenda na robo tatu iliyo ya kweli, akawaambia ukweli. Wakaiona inatembea, wakamwongezea hadi Jumatatu. Leo anapanda basi la Laela kila asubuhi, na jioni narudishiwa kelele zake.

Sasa mwanangu, wewe unayesoma haya: kabla hujaanza kazi, uliza inataka nini, ukikusanye chote, na kiwe kile kile kinachotakiwa, si ndugu yake. Usione haya kuonekana umekaa. Kawia ufike. Na ukikosea, panda ubandue siku hiyo hiyo, maana wanaotupenda hawalalamiki. Wanahamisha kitanda tu. Nawe ukiwa mkubwa ukamkuta kijana anangoja, usimpigie kelele. Mshikie koti.

Mungu akupe zana zako kwa wakati, na moyo wa kuzingojea. Mvua za maisha yako zikinyesha, zikikute kitanda chako kipo pale pale ulipokitandika, pakavu, na mama yako amelala.